Kumchoma shangazi sindano ya mifupa nyumbani: kalamu, friji na kizunguzungu

Shangazi yangu wa Ngamiani, hapa Tanga, aliteleza uani akavunjika nyonga. Haikupita miezi mingi, pingili mbili za mgongo nazo zikabonyea. Daktari akamwandikia teriparataidi, sindano ya kila siku. Mimi ni nesi, nikajiambia hii ni kazi ya dakika mbili. Dawa huja ndani ya kalamu, yaani kichomeo chenye umbo la kalamu ya kuandikia. Ya kwanza niliiharibu kabla haijamgusa mtu.

1. Jua unachochoma. Ni kipande cha homoni ya zile tezi ndogo za shingoni zinazosimamia kalsiamu. Homoni hiyo ikijaa mwilini mchana kutwa usiku kucha, hula mfupa. Ikiingia kidogo mara moja kwa siku kisha ikapita, huamsha seli zinazojenga mfupa. Ndiyo maana dozi ni mikrogramu 20 kwa siku, basi. Ukisahau, choma siku hiyohiyo ukikumbuka. Siku ikishapita usifidie kwa kuchoma mbili. Na kama mgonjwa amewahi kupigwa mionzi ya saratani, ana mawe ya figo au kalsiamu yake ya damu iko juu, daktari ajue mapema.

2. Ubaridi. Hapa ndipo nilipoumia. Kalamu inataka nyuzi 2 hadi 8, na isigande kamwe. Tulinunua Dar es Salaam, nikaipakia kwenye deli, nikaifunika kwa barafu za mifuko kama samaki, nikapanda basi. Nafika Tanga, dawa imeganda. Iliyoganda hutupwa hata ikiyeyuka ikarudi kuwa maji meupe safi, maana kwa macho huwezi kujua imeharibika. Nililia.

Sasa nafanya hivi: barafu chini, juu yake khanga iliyokunjwa mara nne, kalamu ikiwa ndani ya boksi lake, kisha khanga nyingine. Kalamu na barafu visigusane. Nyumbani iweke rafu ya katikati, mbali na ukuta wa nyuma. Yale mafriji ya mlango mmoja yenye friza juu siyaamini hata kidogo. Chini ya friza panaganda usiku. Nunua kipimajoto cha friji, nakusihi, kabla hujanunua kitu kingine chochote. Mlangoni usiweke, watoto wanafungua kutafuta maji kila dakika. Umeme ukikatika, usifungue friji kuchungulia. Umeme ukichelewa kurudi, hamishia kalamu kwenye deli kwa mpango uleule. Jirani mmoja alinishauri mtungi wa udongo. Mtungi unapooza maji ya kunywa, lakini kwa unyevunyevu huu wa pwani haufiki nyuzi 8.

3. Kuchoma. Paja au tumbo, ukibadilisha mahali kila siku. Sindano za kalamu huuzwa kando, zilezile ndogo za insulini. Funga mpya kila mara na uitoe ukimaliza, kalamu isilale na sindano. Usinyonye dawa kwa bomba la kawaida. Kwa kalamu ya Forteo: vuta kitufe cheusi hadi mwisho uone mstari mwekundu, choma, bonyeza, hesabu polepole hadi tano kabla ya kuchomoa. Ukiona kijiti cha njano baada ya hapo, hujamaliza sawasawa. Kalamu za kampuni nyingine zina namna yake, soma karatasi ya ndani.

4. Akae. Dozi za mwanzo zinaweza kushusha presha mtu akisimama. Wengi huchoma usiku. Mimi sipendi, maana bibi wa miaka 74 ataamka gizani kwenda chooni, na mfupa tunaoujenga utavunjika palepale. Tunachoma baada ya Alasiri, akiwa ameketi na mimi nipo. Siku ya tatu aliniambia, “Mwanangu, nyumba inazunguka.” Nikamlaza, ikapita.

5. Taka. Dumu gumu la plastiki lenye kifuniko, likijaa peleka hospitali. Kalamu ina dozi 28. Andika tarehe ya kuianza kwa kalamu ya wino; siku ya 28 ikipita inatupwa hata kama dawa imebaki.

6. Mwisho wa dozi. Kwa kawaida hutumika hadi miezi 24. Ukiacha bila dawa nyingine ya kuushika mfupa, kama alendroneti au zoledroneti, uliojengwa huanza kupungua tena. Shangazi yuko mwezi wa 19, na miadi ya kuzungumzia dawa inayofuata tumeshaichukua.