Kijalada cha stiki noti kwa kitenge, kwa mwenye walimu wa kuwashukuru

Mtoto wa dada yangu aliingia kwangu Shangani, hapa Mtwara, Jumatano jioni, mkasi mkononi. "Shikamoo mama mdogo. Nataka zawadi kumi za walimu, mahafali Jumamosi." Nikamwambia tatizo si kazi, tatizo ni kukauka. Tulipata tisa. Ya kumi nitaisema mwishoni.

Tunachotengeneza ni kijitabu kidogo cha jalada gumu: unakifungua, ndani kuna stiki noti, unakifunga kwa kifungo. Kinakaa mezani au kwenye pochi, na vile vikaratasi havichafuki pembeni.

Vifaa

Stiki noti za mraba, zile za sentimita 7.6 kila upande. Za karatasi 100 zina unene wa kama sentimita moja, ila pima zako kwanza, kwa sababu vipimo vyangu vyote vinafuata hapo. Kadibodi itoke kwenye boksi faili bovu; ofisi yoyote inayo moja inayosubiri kutupwa. Katoni lenye mawimbi ndani usinisumbue nalo, linabonyea kwenye kona. Kitenge ombea mabaki kwa fundi cherehani, na usikifue: ile wanga ya dukani inakusaidia, gundi haipenyi upesi. Kisha karatasi ya manila, rula ya chuma, kisu cha karatasi, brashi ndogo, kifungo na lastiki nyembamba.

Gundi ni ile nyeupe ya mbao. Gundi ya moto siitaki kwenye kazi hii. Inaacha vinundu chini ya kitambaa, na zawadi ikisahaulika kwenye dashibodi ya gari juani inalegea. Uji wa ngano nao unashika vizuri sana, mpaka mende waujue.

Kukata

Kadibodi mbili za sentimita 9 kwa 9, na kipande cha mgongo cha 1.2 kwa 9. Kitenge 24 kwa 13. Manila 19 kwa 8.5.

Kabla ya kukata, shika kadibodi uikunje kidogo huku, kisha huku. Kuna upande inakubali kwa urahisi na upande inagoma. Panga ili mkunjo ule rahisi uende sambamba na mgongo wa kijalada. Ukipuuza hili, utakuja kulaumu gundi bure.

Ukitumia kanga badala ya kitenge, angalia jina lake. Binti alitaka lile neno ASANTE litokee mbele. Herufi za kanga ni kubwa. Kwenye sentimita 9 tulipata NTE.

Kubandika kitambaa (hapa ndipo penyewe)

Gundi paka kwenye kadibodi, usipake kwenye kitambaa. Kitambaa kikinywa gundi kinatoka madoa meusi upande wa maua, na hayo hayafutiki. Paka nyembamba, sambaza kwa brashi mpaka usione michirizi myeupe, subiri kama dakika moja, ndipo ulaze kadibodi juu ya upande wa nyuma wa kitenge. Panga hivi: kadibodi, nafasi ya milimita 3, kipande cha mgongo, milimita 3 tena, kadibodi. Zile nafasi ndizo bawaba. Ukizisahau, kijalada hakifungi.

Geuza, pangusa kwa kiganja kuanzia katikati kwenda nje. Kata pembe za kitambaa kimshazari, lakini acha milimita 3 kabla ya kufika kwenye kona. Ukikata hadi kwenye kona kabisa, kadibodi itachungulia. Kunja juu na chini, kisha pembeni.

Sasa utaona kitu kinapinda. Usishtuke. Kitambaa chenye gundi kikikauka kinavuta upande wake, na kadibodi inafuata. Dawa yake ni manila ya ndani, ambayo nayo ikikauka inavuta upande wa pili. Kwa hiyo bandika manila siku hiyohiyo, gundi ya nje ikiwa bado mbichi. Usilale ukasema kesho. Weka kwanza kilastiki chako, ncha zote mbili chini ya manila, kitanzi kitokeze nje ya jalada la nyuma. Manila ikunje kwanza kwenye mistari ya mgongo, ibonyeze kwa upande butu wa kisu, ndipo uibandike.

Halafu gandamiza. Laza kijalada kikiwa wazi katikati ya karatasi nyeupe safi (si gazeti, wino unahamia), juu ubao, juu ya ubao ndoo ya lita 10 iliyojaa maji. Baada ya saa moja badilisha karatasi, maana zimenyonya unyevu. Kisha usiguse mpaka kesho. Kuanzia Desemba hadi Aprili, mvua ikiwa inanyesha na hata chumvi inaganda mkebeni, ni mikesha miwili.

Mwaka niliojifunza haya nilikuwa na vijalada 12 vya kitchen party, nikavianika juu ya bati ili viwahi. Saa moja baadaye vyote vilikuwa vimejikunja kama maganda ya mua. Jua linakausha upande mmoja. Feni vilevile.

Kifungo

Napenda cha kifuu cha nazi: kipande kidogo, msasa, matundu mawili. Kishone kwenye kitenge cha mbele *kabla* ya kubandika kitambaa, la sivyo utatoboa kadibodi kwa msumari kama nilivyofanya mimi mara mbili.

Kuna aliyependekeza kupamba kwa korosho zenye ganda, eti ndiyo Mtwara yenyewe. Mafuta ya ganda yanababua ngozi. Usimpe mwalimu.

Kuweka stiki noti

Bandua karatasi ya chini, bonyeza kwenye manila upande wa kulia, ukingo wenye gundi ukiwa juu. Ndiyo maana ndani tumeweka manila. Gundi hiyo, aliyoigundua mkemia Spencer Silver wa kampuni ya 3M mwaka 1968, ni vitufe vidogo vinavyogusa kwa nukta nukta tu. Inataka pa laini, kwenye kitambaa haishiki. Zikiisha, anayepewa anabandika nyingine. Mwambie pia achomoe kwa kuvuta kutoka ubavuni. Ukivuta kutoka chini kwenda juu, karatasi inajikunja.

Sasa ile ya kumi. Saa tano usiku nilisikia ndoo ikishushwa. "Nilitaka kuona tu kama imekauka, mama mdogo." Akaiweka mbele ya feni. Mwalimu wa kumi alipata yake wiki iliyofuata, na ile iliyopinda kama mtumbwi ipo jikoni kwangu chini ya mita, naandikia tarakimu 20 za umeme wa Luku.