Somo: Kuanzisha na Kuendesha Kazi ya Shahidi Mtaalamu

Somo hili ni kwa wahandisi, wathamini, wakadiriaji majenzi, wahasibu na madaktari waliowahi kupigiwa simu na wakili akiwauliza kama wanaweza "kuja kusaidia kidogo mahakamani". Mimi ni mhandisi wa majengo, hivyo mifano yangu imejaa zege na nyufa, lakini utaratibu haubadiliki sana mtu akitoka fani moja kwenda nyingine.

Hatua ya kwanza: elewa unaitiwa nini

Shahidi wa kawaida hueleza alichokiona au kukisikia, lakini mtaalamu huruhusiwa kutoa maoni pia, kwa sababu jambo linalobishaniwa linahitaji ujuzi ambao hakimu hana. Kifungu cha 48 cha Sheria ya Ushahidi ya Kenya, Sura ya 80, kinataja maeneo hayo: sheria za nchi za nje, sayansi au sanaa, na utambuzi wa mwandiko au alama za vidole. Sheria ya Ushahidi ya Tanzania, Sura ya 6, ina masharti yanayofanana na hayo, kwa kuwa zote mbili zina mizizi katika sheria ya India ya mwaka 1872. Sisi wahandisi tunayo ruhusa ya kujivunia kidogo hapa, maana katika shauri la mwaka 1782 nchini Uingereza, lililohusu bandari ya Wells iliyokuwa ikijaa mchanga, mtaalamu ambaye Lord Mansfield alikubali maoni yake yasikilizwe alikuwa mhandisi, John Smeaton.

Hata hivyo, mahakama haifungwi na maoni yako. Hakimu anaweza kuyakataa akiona hayana msingi, na hapo ndipo biashara nzima ilipo: kinachonunuliwa kwako ni njia iliyo wazi kutoka kwenye ulichopima hadi kwenye ulichohitimisha, ambayo mtu mwingine anaweza kuifuata hatua kwa hatua bila wewe kumshika mkono.

Hatua ya pili: weka mpaka wa utaalamu wako

Andika kwenye karatasi moja mambo unayoweza kuyasemea na yale usiyoweza. Aliyewahi kupuuza mpaka huu akatupa funzo zito ni Roy Meadow, daktari bingwa wa watoto wa Uingereza, aliyetoa ushahidi mwaka 1999 katika kesi ya Sally Clark, mama aliyeshtakiwa kuwaua watoto wake wawili wachanga. Meadow aliiambia mahakama kwamba uwezekano wa vifo viwili vya ghafla katika familia ya namna ile ulikuwa 1 kati ya milioni 73. Namba hiyo ilipatikana kwa kuzidisha 1 kati ya 8,543 kwa yenyewe, kana kwamba kifo cha kwanza na cha pili havihusiani hata chembe, ilhali watoto wa familia moja hushiriki nasaba na mazingira. Mwaka 2001 chama cha wanatakwimu cha nchi hiyo kilipinga hadharani hesabu hiyo, na mwaka 2003 hukumu ikabatilishwa baada ya mama yule kukaa gerezani zaidi ya miaka mitatu. Meadow alikuwa daktari mwenye jina kubwa, ila takwimu hazikuwa fani yake.

Hatua ya tatu: makubaliano kabla ya kufungua jalada

Kabla hujasoma nyaraka yoyote, omba majina ya wahusika wote na uangalie kama umewahi kumfanyia kazi mmoja wao, kumkopesha, au kusali naye kanisa moja kwenye kamati moja. Kisha andika barua inayoeleza swali unaloulizwa, nyaraka unazozihitaji, muda, na malipo. Toza kwa saa au kwa hatua, na udai sehemu ya malipo mapema. Usikubali kamwe malipo yanayotegemea mteja kushinda wala asilimia ya fidia, kwani swali la kwanza utakaloulizwa na wakili wa upande wa pili ni unalipwaje, na jibu hilo peke yake litaimaliza ripoti yako.

Hatua ya nne: kwenda kwenye eneo na kuandika ripoti

Hapa ndipo muda wako mwingi utakapokwenda. Katika shauri langu la pili niliandika kwamba ufa wa ukuta wa ngazi ulikuwa na upana wa takriban milimita 3. Wakili wa upande wa pili akanipa picha niliyoipiga mwenyewe, ikiwa tayari imepokelewa kama kielelezo, akaniomba nisome rula iliyokuwa pembeni ya ufa. Rula ilisoma 5. Nilikuwa nimepima chini na kupiga picha juu, na ufa ule ulikuwa unapanuka kadiri unavyopanda, jambo ambalo kwa mhandisi lina maana kubwa kuhusu namna msingi ulivyotitia, nami sikuliandika popote. Tangu siku hiyo kila ninapopima huchora mstari mfupi wa penseli ukutani, nikauandikia namba na tarehe, na picha hupigwa hapohapo, kabla sijasogeza mguu.

Vipimo navyo vieleze pamoja na udhaifu wake. Nyundo ya Schmidt hupima ugumu wa uso wa zege tu, na zege kuukuu huwa na ngozi iliyogandishwa na hewa ya ukaa, hivyo nyundo inaweza kusoma juu kuliko uimara halisi wa ndani. Ukitaka kusema lolote la uhakika, kata sampuli za silinda kutoka kwenye nguzo yenyewe, zitiwe alama mbele ya pande zote mbili, na uandike nani alizibeba hadi maabara na saa ngapi. Ripoti ianze na sifa zako na swali uliloulizwa, itenganishe ulichokiona na ulichoambiwa, kisha itoe maoni na sababu zake, ikitaja pia yale yanayomdhuru aliyekulipa.

Hatua ya tano: kizimbani

Soma ripoti yako usiku uliotangulia kana kwamba imeandikwa na mtu usiyempenda. Katika maswali ya dodoso, yaani yale ya wakili wa upande wa pili, jibu lililoulizwa, ukimwelekea hakimu, na ukikosea kiri palepale. Nilipokiri kosa la ile rula, nilieleza pia kwa nini tofauti ile ilikuwa na maana, na hakimu aliandika kwa muda mrefu.

Hatua ya sita: ofisi

Tunza daftari la tarehe za mashauri, maana kuahirishwa ni kwingi. Hifadhi data ghafi za kila kazi, na kumbuka kwamba kwa Tanzania mteja mwenye wajibu wa kuzuia kodi hukata asilimia 5 kwenye ada ya huduma. Dai kila mara hati ya zuio, yaani karatasi inayoonyesha kodi uliyokatwa.

Maswali ya wanachama

Mthamini, Mwanza: Mwalimu, wakili amenirudishia rasimu akitaka niondoe aya moja inayosema nyumba ya mteja ilijengwa ndani ya hifadhi ya barabara. Nifanyeje?

Jibu: Wakili anaweza kukuonyesha kosa la ukweli au sentensi isiyoeleweka, nawe ukairekebisha. Aya hiyo haimo katika hayo. Mjibu kwa maandishi kwamba inabaki, na umweleze kwamba ni afadhali aijue leo ofisini kuliko kuisikia kizimbani. Akiendelea kushinikiza, jitoe na udai malipo ya kazi iliyokwisha fanyika.

Mkadiriaji majenzi, Dodoma: Niandike kwa Kiswahili au Kiingereza?

Jibu: Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama Tanzania, ingawa Kiingereza bado hutumika inapobidi. Muulize wakili mapema. Mimi huandika Kiswahili, na ninaambatanisha ukurasa mmoja wa istilahi kama boriti, jamvi, nondo na mtitio, kila moja na mchoro wake mdogo, ili neno moja libaki na maana ileile tangu ripoti hadi hukumu.

Daktari, Mombasa: Je, shahidi mtaalamu anaweza kushtakiwa na mteja wake mwenyewe?

Jibu: Kwa Uingereza, ndiyo. Mwaka 2011 Mahakama ya Juu ya huko iliondoa kinga iliyokuwa ikimlinda shahidi mtaalamu asishtakiwe na mteja wake, katika shauri la mtaalamu wa saikolojia aliyedaiwa kutia saini taarifa ya pamoja na mtaalamu wa upande wa pili, ilhali haikuwakilisha maoni yake. Uamuzi huo hauzifungi mahakama za Kenya, lakini mawakili huwa wanausoma. Kata bima ya dhima ya kitaaluma, na uulize waziwazi kama inagusa ushahidi wa mahakamani, kwa kuwa bima nyingine huishia kwenye kazi ya kliniki. Na ukiletewa taarifa ya pamoja saa kumi na moja jioni ili uitie saini, omba ulale nayo.