Jinsi ya kuichambua namba 720,720 bila kikokotoo

Wanafunzi wa kidato cha kwanza ninaowafundisha masomo ya ziada hapa Mwanjelwa, Mbeya, wakiona namba ya tarakimu sita hukimbilia simu. Nawaomba waiweke pembeni kwanza. Chukua kalamu na karatasi, twende pamoja.

Hatua ya 1: Itazame namba kabla ya kuigawanya
720,720 ni 720 iliyoandikwa mara mbili, yaani 720,000 + 720. Kwa hiyo ni 720 × 1,001.

Hatua ya 2: Ivunje 1,001
7 × 11 ni 77, na 77 × 13 ni 1,001. Usipite hapa haraka. Mwambie mwenzako aandike namba yoyote ya tarakimu tatu, airudie, kisha agawanye kwa 7, jibu aligawanye kwa 11, halafu kwa 13. Akichagua 358, anaanza na 358,358. Anapata 51,194, kisha 4,654, na mwisho 358 yake ileile. Darasa zima hupiga kelele, na hapo ndipo pa kuuliza kwa nini. Kuirudia namba ya tarakimu tatu ni kuizidisha kwa 1,001. Ukigawanya kwa 7, 11 na 13 unaiondoa hiyo 1,001 kipande kwa kipande.

Hatua ya 3: Ivunje 720
Ni 16 × 45, yaani 2⁴ × 3² × 5. Unganisha zote:
720,720 = 2⁴ × 3² × 5 × 7 × 11 × 13

Hatua ya 4: Hesabu vigawo bila kuviorodhesha
Kigawo ni namba inayoigawanya nyingine bila kubaki kitu. Anza na 720 peke yake. Kila kigawo chake kina 2 ngapi? Hakuna, moja, mbili, tatu au nne: njia tano. Kwa 3 kuna njia tatu, kwa 5 njia mbili. 5 × 3 × 2 = 30. Kwa hiyo maparachichi 720 kutoka Rungwe yanaweza kugawanywa sawasawa kwenye kreti kwa njia 30, lisibaki hata moja. Sasa 7, 11 na 13 kila moja inazidisha idadi hiyo mara mbili: 30 × 2 × 2 × 2 = 240. Hakuna namba ndogo kuliko 720,720 yenye vigawo vingi hivyo. Srinivasa Ramanujan, mwanahisabati wa India, alizichambua namba za aina hii katika andiko lake la 1915.

Hatua ya 5: Tafuta inapokwama
Inagawanyika kwa kila namba kuanzia 1 hadi 16, tena ndiyo KDS (kigawe kidogo cha shirika, yaani namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa zote) ya namba hizo zote. Kwa 17 inabaki 5.

Zoezi: tafuta namba ndogo kabisa ya kuizidisha 720,720 ili zao liwe namba mraba. Rudi Hatua ya 3, uangalie vipeo (zile tarakimu ndogo za juu; isiyoandikiwa ina kipeo 1) vilivyo witiri. Jibu ni 5 × 7 × 11 × 13 = 5,005, na kipeuo cha pili cha zao hilo ni 60,060.