Ukija Seattle Julai, usisaini mkataba kwanza

Wengi wetu Waafrika Mashariki tunaokuja kuuangalia mji huu wa Marekani kabla ya kuhama huja kiangazi. Julai mvua ni kama hakuna, jua linazama saa tatu usiku, na Mlima Rainier umesimama peupe kule kusini kama Kilimanjaro siku ukijifunua. Unaoneshwa nyumba ya ghorofa ya chini, kodi nafuu, mwenye nyumba mcheshi. Unasaini. Nami nilisaini hivyohivyo, na Novemba ndiyo ilinionesha nilikopanga: nilifungua sanduku la vitenge kabatini nikakuta vya chini vimeota kuvu, harufu kama ya ghala la korosho lililovuja.

Mvua ya hapa inasingiziwa. Kwa mwaka, Dar es Salaam hupata mvua nyingi kuliko Seattle. Ila ya Dar inashuka, inamaliza, watu wanaendelea na shughuli. Hii ya huku ni manyunyu ya kutwa, tangu Oktoba hadi Machi au Aprili, na katikati ya Desemba jua linazama saa kumi na dakika ishirini. Ukizembea kidogo tu baada ya Alasiri, Magharibi imeingia. Basi ukichagua mtaa jiulize maswali mawili: nitasimama kituoni muda gani gizani, na nyumba hii inakauka?

Waafrika Mashariki wengi wako kusini: Tukwila, SeaTac, Burien, Renton, Kent, Federal Way. Kiswahili utakisikia, cha Mombasa na cha Uvira, na kando ya barabara ya Tukwila International Boulevard kuna maduka ya Wasomali yenye nyama ya halali. Raha ya kuwa karibu na ndugu naijua. Lakini ndugu anakukaribisha kwake kwa mujibu wa zamu yake ya kazi, si yako, na hapo ndipo wengi tunapopotea.

Chukua mfano wa uwanja wa ndege, ulioko SeaTac, ambao huajiri wengi wetu. Treni ya umeme ya Link ilifika hapo 2009, na mwishoni mwa 2025 ikafika Federal Way. Nzuri sana, ila usiku inalala. Kama zamu yako inaanza saa kumi alfajiri, kituo cha treni kilicho mlangoni pako hakikusaidii kitu. Huna gari? Panga SeaTac kwenyewe, au kando ya Pacific Highway inakopita basi la RapidRide A kati ya Tukwila na Federal Way, kisha angalia ratiba ya saa unayotoka wewe. (Na ukisoma ratiba kumbuka saa zao: 4 ya asubuhi ni saa kumi yetu. Kuna waliochelewa kazini siku ya kwanza kwa hilo.) Kent nako kuna treni ya Sounder, inakwenda katikati ya Seattle bila foleni ya barabara ya I-5, lakini imepangwa kwa watu wa ofisini: siku za kazi, asubuhi kwenda, jioni kurudi. Anayelea wazee Jumamosi na Jumapili asiihesabu.

Kent yenyewe ni miji miwili. Kuna bondeni, yalipo maghala na Mto Green, na kuna East Hill, juu kilimani. Aliyeona mafuriko yanavyowapata watu wa Jangwani kule Dar hahitaji kuelezwa maana ya bonde. Mto huo unazuiwa na bwawa la Howard Hanson. 2009 lilipobainika lina tatizo la kuvuja, kingo za mto zilipangwa magunia makubwa ya mchanga kwa maili nyingi. Ukipanga bondeni, tazama ramani ya mafuriko ya serikali kwanza, na ujue bima ya kawaida ya mpangaji hailipi mafuriko. Juu kilimani huna hofu ya mafuriko, ila theluji ikianguka barabara zile za mteremko zinakuwa sabuni.

Ukivutwa mashariki, Issaquah au North Bend, ni kuzuri na shule zinasifiwa. Ila mawingu hugonga Milima ya Cascade na kumwaga huko. North Bend hunyeshewa zaidi sana ya Seattle.

Sasa nyumba. Usitazame sebule, hiyo kila mtu huipiga rangi. Nenda kwenye kabati lililoegemea ukuta wa nje, ingiza kichwa, vuta pumzi. Pitisha kidole kwenye pembe za chini za madirisha. Washa feni ya bafuni ubandike kipande cha karatasi ya chooni: kikidondoka, feni inapiga kelele tu. Ghorofa ya chini iliyozama nusu ardhini, yenye zulia ukuta hadi ukuta, mimi siingii tena hata kwa kodi ya nusu.

Sheria ya jimbo la Washington inamtaka mwenye nyumba akupe maelezo ya maandishi kuhusu kuvu, na hawezi kuchukua dipoziti bila orodha iliyosainiwa ya hali ya nyumba siku unapoingia. Mimi yangu sikuidai, na ule ukuta wa kabati lenye kuvu ulikuja kuhesabiwa kwangu. Andika kila doa, piga picha zenye tarehe.

Watoto hadi miaka 18 hupanda mabasi na treni bure, kwa hiyo shule isiyo jirani kabisa bado inafikika.

Kama huwezi kusubiri Novemba, mwombe mtu aliyeko huku akaende kwenye kituo chako cha basi jioni ya mvua, saa ya zamu yako, akupigie video akitembea hadi mlangoni. Ataona kama kuna kibanda, taa na njia ya miguu. Mtaa wangu wa kwanza haukuwa nayo. Tulitembea kwenye tope kando ya magari.