Somo: Kupaka Rangi ya Mbao na Vanishi kwenye Meza ya Paina

Meza ya paina ambayo bado haijapigwa vanishi hupatikana kwa bei nafuu kwa mafundi seremala, na mtu mwenye subira anaweza kuimalizia mwenyewe nyumbani. Hata hivyo, paina, ambayo kwa Tanzania hutoka kwa wingi katika mashamba ya Sao Hill wilayani Mufindi, ina tabia inayowakatisha wengi tamaa: hainywi rangi sawasawa. Sehemu laini hunywa sana, sehemu ngumu hunywa kidogo, na penye utomvu rangi haiingii kabisa, hivyo meza hubaki na madoadoa ambayo hayaondoki bila kuikwangua upya.

Tofauti na rangi ya mafuta, ambayo hukaa juu na kufunika kasoro, rangi ya mbao hupenya ndani na kuonyesha kila mkwaruzo. Kwa sababu hiyo, hatua ya kwanza, yaani msasa, ndiyo yenye uzito kuliko zote. Anza na namba 120, kisha 150, umalize na 180, ukifuata nyuzi za mbao wakati wote, kwa maana mkwaruzo uliokata nyuzi hauonekani leo lakini utaonekana vizuri sana rangi ikishaingia. Ncha za mbao zilizokatwa hunywa kuliko uso wake, kwa hiyo zipige hadi 220. Vaa barakoa, kwani vumbi la mbao hudhuru mapafu. Ukimaliza, futa meza kwa kitambaa chenye maji kidogo: penye gundi iliyokauka pataonekana papo hapo, na pakwanguliwe, maana gundi haipitishi rangi. Maji yatasimamisha nyuzi. Mbao ikikauka, pitisha tena msasa wa mwisho kwa mkono mwepesi.

Hatua ya pili hurukwa na wengi, nami nasisitiza isirukwe. Changanya sehemu moja ya vanishi ya mafuta na sehemu mbili za tapentaini, paka tabaka moja tu, futa inayobaki juu, uache ikauke hadi kesho yake. Mchanganyiko huu huziba kiasi zile sehemu zenye kiu, ili rangi igawanyike vizuri.

Sasa jaribu rangi chini ya meza, mahali pasipoonekana. Ukiridhika, ipake kwa kitambaa cha pamba, subiri dakika tano hivi, kisha futa yote isiyoingia. Rangi iliyoachwa juu haitakauka vizuri, itanata. Iache siku nzima, na wakati wa masika pwani iache siku mbili.

Vanishi ikorogwe taratibu bila kutikiswa, ili isijae mapovu. Paka mara tatu, nyembamba, ukipitisha msasa 320 kidogo kila inapokauka. Paka na upande wa chini pia, kwani ubao uliozibwa upande mmoja tu hupokea unyevu upande wa pili na unaweza kupinda.

Maswali ya wanachama

Swali: Habari za kazi, fundi. Nina kitanda cha mninga. Je, nikipake rangi ya kahawa iliyokolea?

Jibu: Salama, ndugu yangu. Ni chako na uamuzi ni wako, lakini ningekusihi usifanye hivyo. Mninga una rangi yake ya asili, kahawia yenye wekundu na dhahabu, ambayo watu wa paina huitafuta kwenye kopo la rangi. Msasa mzuri na vanishi isiyo na rangi vinatosha.

Swali: Nilipuliza vanishi ya NC (ya nitroselulosi, inayochanganywa na thina) siku ya mvua, ikawa nyeupe kama maziwa. Nifanyeje?

Jibu: Thina iliyeyuka haraka, ikaupoza uso, na unyevu wa hewani ukanaswa ndani. Ngoja siku kavu, upulize thina inayokauka polepole, nyembamba sana. Vanishi italainika na unyevu utatoka.

Swali: Vitambaa nilivyofutia nivitupe wapi?

Jibu: Nashukuru umeuliza, dada. Vitambaa vyenye rangi au vanishi ya mafuta, hasa mafuta ya kitani, hutoa joto vinapokauka, na vikirundikwa pamoja vinaweza kuwaka vyenyewe. Vitandaze nje kimoja kimoja hadi vikauke na kuwa vigumu, au viloweke kwenye ndoo ya maji kabla ya kuvitupa. Usivifungie stoo hata usiku mmoja.