Kuhamia chuo kingine ukisoma tamthilia Marekani: uliza utaanzia mwaka wa ngapi

Mwanafunzi wa chuo cha jamii (cha miaka miwili) mwenye krediti 60, karibu nusu ya shahada, anaweza kudahiliwa chuo cha miaka minne, krediti zake zote zikapokelewa, kisha akaambiwa aanze uigizaji upya na wa mwaka wa kwanza. Hapo ndipo wengi wanapoumia. Zile krediti zimeingia kama kozi za hiari tu, na miaka haikupungua.

Chanzo ni aina ya shahada. BFA (shahada ya kwanza ya sanaa za ubunifu) humwandaa msanii wa kazi: kundi moja husoma uigizaji, sauti na mwili pamoja, muhula hadi muhula, na kila hatua hutegemea iliyotangulia. Kwa hiyo programu nyingi za BFA humrudisha anayehamia nyuma, hata kama Kiingereza na hesabu alishamaliza. BA (shahada ya kwanza ya kawaida ya sanaa) ni pana zaidi na mara nyingi hukamilika kwa miaka miwili iliyobaki. Ukitegemea ruzuku ya Pell, msaada wa serikali kuu kwa wanafunzi wa kipato cha chini, piga hesabu mapema, maana kikomo chake ni mihula 12 kwa maisha yote na ile uliyokwisha kutumia imo humo.

Kusanya transkripti (rekodi rasmi ya kozi na alama zako) pamoja na silabasi ya kila kozi ya tamthilia. Anayeamua kama kozi yako inalingana na yao huangalia mliigiza nini, mlisoma nini na kwa saa ngapi. Jina la kozi halimtoshi. Kisha mwandikie mratibu wa idara ya tamthilia, usiishie ofisi ya udahili. Muulize utawekwa darasa lipi la uigizaji, utahitaji mihula mingapi, na kama waliohamia wanaruhusiwa kugombea nafasi katika maonyesho ya muhula wao wa kwanza. Majibu yawe ya maandishi.

Ukiwa California, fungua tovuti ya ASSIST uone kozi za chuo chako zinahesabiwaje katika mifumo miwili ya vyuo vikuu vya umma vya jimbo hilo, UC na CSU. Huko pia kuna shahada ya AA-T ya tamthilia, ya miaka miwili katika chuo cha jamii kwa anayekusudia kuhamia, inayokuhakikishia nafasi katika mfumo wa CSU, ingawa si lazima iwe kampasi unayoitaka.

Usaili wa BFA huanza miezi mingi kabla ya masomo. Vyuo vingi hutaka kwanza video, kisha monolojia (maneno marefu ya mhusika mmoja) mbili zinazotofautiana, kila moja sekunde 60 hadi 90. Chagua wahusika wa rika lako na usome tamthilia nzima, kwa sababu utaulizwa. Anayesomea ufundi wa jukwaa hupeleka jalada la kazi: michoro ya mandhari, mpango wa taa, picha za maleba, au kurasa za daftari la meneja wa jukwaa zenye ishara za taa na sauti zilizoandikwa pembeni mwa maneno ya waigizaji. Kurasa hizo zisisafishwe sana. Alama za penseli na masahihisho ndivyo vinavyoonyesha jinsi ulivyoendesha onyesho.

Ukitembelea chuo, nenda siku yenye onyesho na usome orodha ya waigizaji. Penye wanafunzi wa shahada ya uzamili, angalia kama wao ndio wanaochukua nafasi kubwa. Hapo wa shahada ya kwanza anaweza kumaliza masomo akiwa ameigiza kidogo sana, na hilo kijitabu cha matangazo ya chuo hakilisemi.

Amana ya kushikilia nafasi usilipe hadi upate tathmini rasmi ya krediti, kozi kwa kozi.