Kuishi Mombasa Bila Kumiliki Gari: Namna ya Kukodi na Kushirikiana Gari kwa Usalama

Kabla ya kuuliza ni gari gani ununue, chukua daftari, na kwa majuma manne mfululizo uandike kila safari uliyoifanya: ulitoka wapi ukaenda wapi, ulikuwa na nani, ulibeba nini, na kama safari hiyo ingewezekana kwa miguu, kwa matatu au kwa tuktuk. Mkazi wa Tudor anayefanya kazi Moi Avenue, kwa mfano, huenda akagundua kwamba siku zake za kazi hazihitaji gari kabisa, na kwamba gari humfaa siku chache tu katika mwezi: kumpeleka mama kliniki, kununua vitu vya jumla Kongowea, kwenda arusini Kilifi au matangani Kwale. Ni muhimu kuandika, kwa sababu anayekisia huzikumbuka siku alizohangaika kwenye mvua na kuzisahau zile alizofika bila tabu.

Kisha piga hesabu ya gari lenyewe. Tuseme umelinunua kwa shilingi 1,200,000. Likipoteza sehemu moja ya kumi ya thamani yake kwa mwaka, hizo ni shilingi 120,000. Bima kamili ya asilimia 4 ni 48,000. Sevisi nne za shilingi 8,000 ni 32,000. Na tukitenga 40,000 kwa tairi, betri na kutu, jumla inakuwa 240,000 kwa mwaka, yaani 20,000 kila mwezi kabla ya petroli, ada ya kuegesha na riba ya mkopo. Hizi ni tarakimu za mfano, nawe weka zako. Ila kutu usiipuuze. Hapa kwetu hewa ya chumvi hula bati la chini ya gari hata likiwa limesimama, na gari lililoegeshwa Kizingo au Nyali mwezi mzima bila kuendeshwa linaendelea kukugharimu. Ukipewa bei ya kukodi ya shilingi 5,000 kwa siku, ukakodi siku mbili kwa mwezi, utabaki na shilingi 10,000 katika zile 20,000 za kulipia tuktuk, matatu na teksi za siku nyinginezo. Linganisha na daftari lako uone kama zinatosha.

Safari fupi za mjini hazihitaji maelezo marefu. Teksi zinazoitwa kwa programu ya simu zimekuwapo Mombasa tangu Uber ilipoingia mwaka 2016, na kanuni za serikali za mwaka 2022 ziliweka kikomo cha asilimia 18 kwa kamisheni ambayo kampuni hizo zinaweza kumkata dereva. Kabla ya kupanda, linganisha nambari ya gari na sura ya dereva na zile zilizo kwenye simu yako, na usikubali kufuta safari ili mwende kwa makubaliano ya mdomo, kwa kuwa safari iliyofutwa haiachi kumbukumbu ya nani alikubeba iwapo kutatokea jambo. Kwa njia nyembamba za Mji wa Kale, tuktuk ni bora kuliko gari lolote.

Jambo linalotaka uangalifu mkubwa zaidi ni kukodi gari na kuliendesha mwenyewe, na hapo neno la kwanza liwe bima, kabla ya bei. Sheria ya Kenya, Sura ya 405, inalazimisha kila gari barabarani liwe na bima ya mtu wa tatu, lakini bima hiyo humlinda yule utakayemdhuru. Haitengenezi gari ulilokodi. Kuna hatari nyingine ambayo wakodishaji wengi hawaitaji. Bima iliyokatwa kwa matumizi ya binafsi kwa kawaida haitambui gari linalokodishwa kwa malipo, na ajali ikitokea kampuni ya bima inaweza kukataa kulipa. Jamaa yangu alilipata hilo miaka michache iliyopita: alikodi gari kwa mtu aliyeelekezwa na rafiki, akagongana na lori karibu na Mariakani, na ndipo ikabainika kwamba bima ilikuwa ya matumizi ya nyumbani. Alilipa gharama ya matengenezo kwa awamu mwaka mzima. Kwa hiyo omba kuona cheti cha bima chenyewe, usome kama kinataja ukodishaji, uangalie tarehe ya mwisho, na uulize ni kiasi gani utakachochangia mwenyewe kabla bima haijaanza kulipa. Akikwambia usijali, tafuta mkodishaji mwingine.

Mkataba nao usomwe wote, hata kama mkodishaji ana haraka. Tafuta humo idadi ya kilomita zinazoruhusiwa kwa siku na bei ya kila kilomita inayozidi. Masharti ya amana na siku ambayo itarudishwa. Nani mwingine anaruhusiwa kushika usukani. Na itakuwaje gari likiharibika njiani bila kosa lako. Magari mengi ya kukodi yana kifaa cha kufuatilia mahali lilipo, na baadhi ya vifaa hivyo vinaweza kuzima injini kutoka mbali, hivyo ukitaka kubadili njia au kuongeza siku, piga simu mapema na upate jibu kwa maandishi.

Siku ya kulichukua, fika mchana, maana mikwaruzo haionekani usiku. Lizunguke ukipiga video taratibu, kisha upige picha ya dashibodi inayoonyesha kilomita na kiwango cha mafuta. Inama utazame chini ya milango na kwenye kingo za magurudumu kama kutu imetoboa bati. Hakikisha gurudumu la akiba lina upepo na jeki ipo, pamoja na pembetatu za tahadhari na kizima moto. Jaribu breki na kiyoyozi kabla hujalipa salio. Wakati wa kurudisha, rudia video ileile mkodishaji akiwepo, na usiondoke kabla hajakuandikia kwamba amelipokea gari likiwa salama.

Panga pia njia. Kwenye kivuko cha Likoni anayevuka kwa miguu halipi, ila gari hulipa na foleni huweza kula saa zako za kukodi. Kama unaelekea Diani au Lunga Lunga, barabara ya Dongo Kundu inayotoka Miritini hadi Kibundani inakuwezesha kufika kusini bila kupanda feri. Ukikusudia kuvuka mpaka kwenda Tanga, unahitaji idhini ya maandishi ya mwenye gari na bima inayotambulika ng'ambo, ambayo kwa kawaida ni kadi ya njano ya COMESA, jumuiya ya soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika. Kwa safari ya Nairobi, naona ni busara zaidi kupanda treni ya Madaraka Express, iliyoanza mwaka 2017, kisha ukodi gari hukohuko ukilihitaji.

Mpango ninaoupenda kuliko yote ni wa watu wachache wanaoaminiana kushirikiana gari moja. Uswisi ilianza hivyo: mwaka 1987 viliundwa vyama viwili vya ushirika vya watu waliochanga wakatumia magari pamoja, na mwaka 1997 vikaungana kuwa Mobility, ambayo ingali inafanya kazi hadi leo. Kwetu Pwani, ambako chama cha akina mama na michango ya arusi ni mambo ya kila siku, wazo hili si geni. Anzeni na jamaa watatu au wanne wanaoishi karibu, kama mtaa mmoja wa Majengo au Bamburi, ili gari liwe karibu na kila mmoja.

Yaandikeni makubaliano hata kama ni ndugu wa damu, kwa kuwa udugu huvunjwa na mambo ambayo hayakusemwa mapema. Kubalianeni jina la nani litakuwa kwenye daftari la umiliki, na mjulisheni wakala wa bima majina ya wote watakaoendesha. Kila anayelichukua aandike kilomita za kuanzia na za kumalizia, achangie mfuko wa matengenezo kiasi kilichokubaliwa kwa kila kilomita, tuseme shilingi 15, na alirudishe likiwa na mafuta kama alivyolikuta. Atakayeligonga alipe ule mchango ambao bima haiulipi. Sikukuu za Idi, Krismasi na siku za kufungua shule zigawanywe kwa zamu mwanzoni mwa mwaka, kwa sababu siku hizo kila mtu hulitaka gari asubuhi ileile. Wekeni pia namna mwanachama atakavyojitoa na kulipwa fungu lake. Na msilitumie gari hilo kubeba abiria kwa nauli, kwani hilo linahitaji leseni ya uchukuzi wa umma na bima yake.

Wapo ambao haya hayawafai, na wasilazimishwe. Muuguzi anayetoka zamu usiku wa manane akiishi Mazeras, mzazi mwenye mtoto asiyeweza kutembea, au fundi anayebeba vifaa vizito kila siku, huenda wakahitaji gari lao wenyewe.

Ikiwa tayari una gari na umeamua kuliuza, usikabidhi funguo na kuishia hapo. Kamilisha uhamisho wa umiliki kupitia huduma za NTSA, mamlaka ya usalama barabarani na uchukuzi, kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na uhifadhi nakala ya mkataba wa mauzo yenye tarehe na saa ya kukabidhi, kwa sababu mpaka uhamisho utakapokamilika, sheria itaendelea kukuhesabu wewe kuwa mwenye gari hadi uthibitishe vinginevyo, na madai ya ajali ya mnunuzi yanaweza kukufikia wewe kwanza.